Mstari Niliouona Nikaupita

Ijumaa. Mtaa wote wa Kyebando umelowa. Mvua ilianza saa sita mchana na sasa inakaribia saa kumi na mbili jioni, bado inadondoka kidogo kidogo kama mtu aliyemaliza kulia lakini hajaamua kunyamaza. Nimechemsha chai ya tangawizi, nikaiweka mezani, nikaisahau. Imeshaota utando.

Leo nina jambo la kuungama. Nimezunguka nalo chumbani tangu nirudi kazini. Nimefua ambacho hakikuwa kichafu, nimepanga viatu, na mwisho nimeketi.

Nilikosea. Mtu aliumia kwa sababu hiyo.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza: mimi ni Mkenya wa Vihiga, huu ni mwaka wangu wa saba Kampala, na kazi yangu ni kupiga skani kwenye kliniki ndogo ya binafsi isiyo mbali na hapa ninapoishi. Wagonjwa wangu wengi ni kina mama wajawazito. Nawapaka jeli tumboni, napitisha kile kifaa cha mkononi, nawaonyesha moyo wa mtoto unavyodunda, wanatabasamu, wanaondoka. Ni kazi yenye furaha nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ila wakati mwingine analetwa mtu mwenye goti au kifundo cha mguu kilichovimba, nami naombwa nitazame ndani kuna nini.

Mwezi wa pili aliletwa Mzee Odong.

Ni polisi mstaafu, mtu wa Kitgum, anayeishi Kawempe na mkewe, Mama Grace. Kiganda chake ni cha kununulia nyanya, na Kiingereza anasema alikiacha ofisini. Lugha yake ni Kiswahili, kile cha kambini, kilichonyooka kama amri. Ndiyo maana dada wa mapokezi alinijia siku ile akicheka, "Musawo, mtu wako amekuja, yule wa Kiswahili." Musawo ndilo jina la Kiganda kwa kila mhudumu wa afya, na huku kwetu kila anayeongea Kiswahili ni mtu wangu.

Siku ile ya mwezi wa pili goti lake la kulia lilikuwa limevimba na kung'aa, la moto hata kabla sijaligusa. Daktari aliyekuwepo wakati huo, ambaye sasa amehama, aliniandikia swali moja tu kwenye karatasi: kuna maji ndani ya kiungo? Nje kwenye benchi kulikuwa na wajawazito kumi na mmoja. Nakumbuka idadi kwa sababu mmoja wao alikuwa ameshaanza kulalamika kwa sauti.

Nikaangalia. Maji yalikuwepo, mengi. Nikaandika: maji kwenye kiungo, huenda ni usaha, yachunguzwe.

Na nikaona kitu kingine. Sitaki kujidanganya hapa, kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Niliona mstari mweupe juu ya gegedu, lile tabaka gumu linalofunika ncha ya mfupa. Ulikuwa unang'aa mahali ambapo haukupaswa kuwepo. Nikajiambia ni mwako wa mashine, kwa sababu mashine hizi hung'aa ovyo mara nyingine. Sikuinamisha kifaa ili nione kama utapotea. Sikulinganisha na goti la pili. Nilimfuta jeli nikasema, "Tumemaliza, mzee. Mwite anayefuata."

Hayo maji hakuna aliyeyatoa kuyachunguza. Karatasi yangu ilisema huenda ni usaha, na hilo likatosha. Akaanzishiwa dawa za kuua vijidudu, sindano asubuhi na jioni, siku kumi. Goti likatulia. Kila mtu akafurahi. Hatukujua kwamba goti la namna ile hutulia lenyewe likitaka, dawa iwepo isiwepo.

Miezi miwili baadaye likarudi. Safari hii pamoja na kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hayo sikuyajua mimi. Nimeyajua leo.

Leo asubuhi aliingia akiwa anashikilia ukuta. Kiatu kimoja amevaa, kingine kimebebwa na mkewe kwenye mfuko. Hata soksi ilikuwa imemshinda. Akasema upepo tu ukipita juu ya kidole anataka kupiga kelele. Mama Grace alikuwa nyuma yake hatua tatu. Hakumshika mkono. Niliona hilo kabla sijaona mguu.

Nikampandisha kitandani. Nikamuuliza amekuwaje.

"Binti yangu," akaniambia, "leo mimi nataka mashine iseme. Iseme kwa masikio ya huyu mama. Mimi hapana kunywa pombe."

Sikuelewa. Nikamtazama mkewe. Naye akasema, akiangalia dirishani, "Yule wa duka la dawa alisema hii ni gauti. Ugonjwa ya watu ya pombe na nyama. Sasa nyama sisi tunakula Krismasi. Kimebaki nini?"

Nikazipata habari zote hapo hapo, huku natafuta taulo. Mzee Odong aliacha pombe siku aliyookoka, miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa bado kambini ambako kuacha pombe ni kama kuacha kupumua. Kanisani kwao alikuwa ndiye anayeongoza maombi ya alfajiri. Kidole kilipovimba, muuza dawa akasema neno lile, na Mama Grace akaanza kuhesabu: alichelewa Jumanne, alinunua peremende za mnanaa, alilala mchana. Yeye ameishi na mume mlevi kabla hajawa mume aliyeokoka, na aliapa hatarudi kule. Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamwambia mzee apumzike kwanza na maombi mpaka mambo yaeleweke.

"Apumzike," mzee akarudia hilo neno kana kwamba ni tusi. "Miaka kumi na tisa mimi hapana onja hata kijiko moja. Damu walipima huko Kawempe, wakasema hakuna gauti. Lakini mama hapana amini damu. Sasa wewe angalia. Mashine hapana jua kusema uwongo."

Sasa hebu fikiria nafasi yangu. Mtu amekuja kwangu nimsafishie jina. Anaomba nisione kitu.

Daktari wetu wa sasa ni Dokta Nansubuga, mwanamke mpole anayetembea taratibu na kufikiri haraka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia jongo kwa skani. Jongo ndilo jina la Kiswahili la hiyo gauti, ingawa huku ukilitaja watu wanakutazama tu. Siku moja, kliniki ikiwa tupu, aliketi kitandani akakunja goti lake mwenyewe akaniambia nipitishe kifaa. "Huo mstari wa chini ni mfupa," akasema. "Hilo jeusi juu yake ni gegedu. Juu ya gegedu, kwangu mimi, hakuna kitu. Kwa mwenye gauti, chumvi inatua hapo kama vumbi juu ya meza. Utaona mistari miwili imekwenda pamoja, kama reli. Ukitilia shaka, inamisha kifaa. Mwako wa mashine utapotea. Chumvi haipotei."

Aliniambia pia kwamba damu inaweza kudanganya. Wakati kiungo kimewaka moto, kipimo cha damu kinaweza kutoka kizuri kabisa, na mgonjwa akarudishwa nyumbani.

Basi nikamwomba mzee akunje goti polepole. Akafunga macho. Nikapaka jeli bila kukandamiza. Nikapitisha kifaa.

Mistari miwili. Reli.

Nikainamisha huku, nikainamisha kule. Ule wa chini ukabaki, na wa juu ukabaki, umekwaruzika kidogo, mweupe. Nikahamia kidole gumba. Hapo kulikuwa zaidi ya mstari. Kulikuwa na kijilima kizima cha chumvi ubavuni mwa kiungo, na mfupa umeanza kumung'unywa pembeni kama muhogo uliopitiwa na panya. Jambo la namna hiyo halitokei kwa wiki moja. Linachukua muda. Na muda huo hulipata pale ambapo mtu anadungwa sindano zisizomhusu.

"Unaona nini?" Mama Grace akauliza.

Nikawaambia wanisubiri kidogo, nikamwite daktari.

Lakini sikwenda kwa daktari moja kwa moja. Niligeuka kwenye mashine, nikaandika jina lake, nikafungua picha za mwezi wa pili. Mashine yetu huhifadhi. Nilikuwa nimepiga picha nne. Kwenye ya tatu, juu kidogo ya yale maji niliyoyaona kwa bidii, mstari ulikuwepo. Haukuwa umejificha. Ulikuwa pale katikati ya picha, mnyoofu, ukinitazama.



Nataka kuandika kwamba nilijua papo hapo la kufanya. Sivyo. Kwa muda wa kama dakika moja nilisimama mbele ya ile picha nikiwaza kwamba hakuna ajuaye. Yule daktari wa zamani amehama. Mzee hawezi kusoma skani. Karatasi ya mwezi wa pili ilisema maji, na maji yalikuwepo, sikuandika uwongo. Nikawaza kazi yangu, na kibali changu cha kufanya kazi nchini, na mama yangu Vihiga anayewaambia watu kwamba binti yake ni daktari ingawa nimemweleza mara mia kwamba mimi si daktari. Dakika moja ni ndefu sana ukiwa na picha kama ile mbele yako.

Kilichonitoa pale hakikuwa ushujaa. Nilimsikia mzee akimwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Mama, nisaidie na hii mto." Na sikusikia hatua za mtu kwenda kumsaidia.

Nikaenda kumwita Dokta Nansubuga. Mlangoni, kabla hajaingia, nikamwambia yote. Akaangalia picha mpya, akaangalia ya zamani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ungeweza kutoniambia," akasema.

"Ningeweza."

"Haya. Kwanza tumtibu. Halafu utamwambia wewe mwenyewe. Mimi nitakuwepo."

Tukaingia. Daktari akavuta kiti akaketi karibu na Mama Grace, wala si karibu na mgonjwa. Nami nikawa natafsiri pale Kiswahili cha daktari kilipokwama.

"Mama, ni gauti," akasema.

Mzee Odong akageuza uso ukutani. Nimewaona watu wakipokea habari mbaya kwenye kile chumba, mimba zilizonyamaza, uvimbe. Sijawahi kuona mtu mzima akikunjamana vile. Mama Grace akashusha pumzi puani, kama mtu ambaye alijua tangu zamani na kujua kwenyewe hakumfurahishi.

"Subiri, sijamaliza," daktari akasema. "Nani amekwambia gauti ni ya pombe peke yake? Pombe inaileta, ndiyo. Nyama pia. Lakini figo ikishindwa kutoa ile chumvi, inakuja. Ikiwa kwenye ukoo, inakuja. Na kuna dawa zinazoileta. Mzee anakunywa dawa gani?"

Mama Grace akafungua mkoba. Akatoa kikopo kidogo cha plastiki, kisafi, kilichofungwa kwa lastiki. "Presha tu," akasema. "Kila asubuhi. Mimi ndiyo nampa. Sijawahi kukosa hata siku moja, tangu mwaka juzi."

Daktari akaimimina tembe moja kiganjani. Ni ile ya presha inayomfanya mtu akojoe sana. Akaniangalia, nami nikaangalia sakafu.

"Mama," akasema taratibu, "hii ni dawa nzuri, na umefanya vizuri kumpa. Presha yake ingemuua kabla ya gauti. Lakini kwa watu wengine inazuia ile chumvi isitoke. Inajaa, inatua kwenye viungo. Naona hapa ndipo ilipotoka. Tutampima figo, tutambadilishia dawa leo, na tutampa ya kutuliza huu moto. Baadaye kuna nyingine ya kupunguza chumvi yenyewe. Sitaki aache presha bila dawa hata siku moja. Umenielewa?"

Mama Grace alikuwa anakitazama kile kikopo.

Kisha akauliza, "Ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni dawa."

"Mimi ndiyo nilimpa. Halafu mimi ndiyo nilienda kwa mchungaji."

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa sababu amenyimwa simu. Mama Grace akasimama, akaenda kitandani, akauinua ule mguu kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto wa siku moja, akausogezea mto chini. Mzee bado alikuwa ameangalia ukuta.

"Baba Grace," akamwambia. "Jumapili mimi nitasimama. Mimi ndiyo nilisema, mimi ndiyo nitarudi kusema."

Hapo nikatamani sana mambo yaishie hapo. Wamepatana, dawa imeandikwa, kila mtu anapangusa macho. Nani angetaka mimi niongeze kitu? Daktari akanitazama tu.

Nikawaambia. Nilisimama mwisho wa kitanda nikasema kwamba mwezi wa pili, hapa hapa, niliuona huu ugonjwa kwenye goti lake na sikuutambua. Kwamba nilikuwa na haraka. Kwamba zile sindano zilitokana na karatasi yangu, na kwamba kama ningeangalia vizuri, kidole kisingefika hapa, na pengine hilo neno la pombe lisingesemwa na mtu wa dukani bali daktari angelieleza vizuri tangu mwanzo. Nilisema kwa Kiswahili cha shule, kila kitu na ngeli yake, kwa sababu nikiogopa ndivyo ninavyoongea.

Mzee Odong akageuka kutoka ukutani. Akaniangalia muda mrefu, jicho la polisi.

"Siku kumi," akasema. "Asubuhi sindano, jioni sindano. Nilikuwa nalala na tumbo kama mtoto, makalio hapana gusa kitanda."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Wewe hapana jua. Wewe hapana dungwa."

Alikuwa na haki.

"Sikia," akaendelea. "Kazini kwetu mtu akiandika statementi mbaya, hatupasui ile karatasi. Anaandika ingine, anaweka pamoja na ile ya kwanza, anasaini zote mbili. Mkubwa akija anaona zote mbili. Wewe andika."

"Nitaandika."

"Andika sasa. Mimi naona."

Nikaandika mbele yake. Ripoti ya leo, na chini yake maelezo ya mwezi wa pili: mstari ulikuwepo, haukutajwa, na jina langu. Akaomba nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa mara moja. Nakala moja wamekwenda nayo, nyingine iko kwenye faili, na Jumatatu mwenye kliniki ataisoma. Dokta Nansubuga amesema atanisemea. Hakuahidi kitakachotokea, na nampenda kwa hilo.

Mzee hakusema amenisamehe. Nataka hilo likae hapa lilivyo, kwa sababu nikisoma ukurasa huu baada ya mwaka mmoja nitashawishika kukumbuka kwamba alisema. Alipofika mlangoni, amemwegemea mkewe uzito wote, alisema tu, "Musawo, na mguu ya mwingine pia angalia mara mbili." Bodaboda ilikuwa inawasubiri chini ya mvua iliyoanza. Mama Grace akapanda nyuma, akamweka mumewe katikati, ule mguu akaufunika na mfuko wa plastiki na khanga juu yake.

Tangu hapo nawaza jambo moja. Tumezoea kusema mashine haisemi uwongo. Ni kweli, haikusema. Mwezi wa pili ilisema ukweli wote, kwa weupe kabisa, na mimi nikaifunga mdomo kwa sababu niliulizwa swali dogo nikajibu dogo. Muuza dawa naye alisema neno la kweli, gauti, akalifunga na la uwongo. Damu ya Kawempe ilisema hapana. Mama Grace aliona peremende za mnanaa. Kila mtu alikuwa na kipande, na mzee wa watu akabaki katikati yetu na kiatu kimoja.

Sijui kama mimi ni mtaalamu mbaya. Leo mchana niliamini hivyo kabisa. Jioni hii naona labda nilikuwa mtaalamu mwenye haraka, na sijui kama kuna tofauti kubwa kwa mtu aliyedungwa sindano ishirini.

Kuna wengine. Hilo ndilo linaloifanya chai ipoe. Tangu mwaka uanze nimepiga skani za magoti na vifundo ambavyo sivikumbuki. Namkumbuka mama mmoja anayeuza mkaa Kawempe, kifundo chake cha mguu. Nilimwandikia maji kidogo, basi. Nilimfuta jeli, nikamwita anayefuata.

Kliniki hufunguliwa saa mbili. Kesho nitafika saa moja, kabla mama wa kwanza mwenye tumbo hajaketi kwenye benchi, nifungue picha zote za viungo, moja moja, nizitazame kama ambaye hajawahi kuziona. Nitaanza na za yule mama wa mkaa.

Na nikiukuta mstari, je, nitampigia?

Namba yake ipo kwenye daftari la mapokezi. Niliiandika mimi mwenyewe.